Harufu ya Sigara Katika Gari la Mama Mkwe

Umenikumbusha siku moja ya ujana wangu, mwanangu. Juzi ulipoingia hapa uani na gari lako ulilonunua mkononi mwa mtu, ukanifungulia mlango wa mbele nikae, niliisikia harufu kabla sijakaa. Kiooni umening'iniza vijimti vya manukato, tena si kimoja, na chini ya kiti kuna kichupa cha waridi kinachobingirika huku na huku kila unapokata kona. Ukaniuliza, "Mzee, unalionaje?" Nikakujibu ni gari zuri. Nilikudanganya kidogo, kama watu walivyonidanganya mimi zamani, na tangu juzi hiyo moyo wangu haujatulia. Vuta kigoda uje hapa juani, maana baridi ya hapa Mapera haina huruma na mifupa yangu, nikusimulie.

Nilikuwa na umri kama wako, nimeoa msichana wa ziwani. Sisi watu wa milimani, Wakatoliki wa kahawa na mahindi. Kwao Waanglikana wa dagaa wa usipa na mihogo. Watu walisema ndoa ya mlima na ziwa haidumu, mmoja atalia baridi na mwenzake atalia joto. Kweli tulilia wote wawili, kwa zamu, na ndoa imedumu. Mama Stella unamjua, ndiye yule pale anayejifanya anachambua maharage kumbe anasubiri nikosee aje anirekebishe.

Sasa kwetu, mwanangu, mama mkwe alikuwa hazoeleki. Ninyi siku hizi mnapiga naye picha ukumbini mmekumbatiana, sawa, dunia imegeuka. Mimi mama mkwe sikumtazama usoni, sikukaa naye chumba kimoja, sikula mbele yake. Tukikutana njiani mmoja anapisha majanini. Na maneno yetu yote yalipita kwa Mama Stella: mimi namwambia yeye, yeye anamwambia mama yake, hata kama tumetenganishwa na ukuta wa matete tu na kila mtu amekwisha kusikia. Usicheke. Heshima ile ilikuwa na raha yake. Sikuwahi kugombana na mama mkwe, kwa sababu utagombanaje na mtu usiyezungumza naye?

Shida ilikuja alipougua kifua. Alikuwa mjane, anaishi ufukweni, na Mama Stella ndiye mtoto wake pekee aliyebaki karibu. Daktari wa mjini Mbinga alimwambia arudi kila mwezi kupimwa na kupewa dawa, kwa sababu dawa ile huko chini haikupatikana. Akasema wazi kwamba kifua kile kikiachwa bila dawa, mama hatafika mbali.

Barabara ya kushuka ziwani wakati ule haikuwa na lami. Ilikuwa kona juu ya kona, vumbi kiangazi na utelezi masika. Malori yaliyopakia watu juu ya magunia yalimfikisha yule mama akiwa hoi kuliko alivyoondoka. Ningeweza kuazima pikapu, lakini akae wapi? Nyuma, vumbi lingemmaliza. Mbele, angekaa bega kwa bega na mume wa binti yake njia nzima, na hilo asingelikubali hata kwa mtutu wa bunduki. Wala mimi.

Ndipo nikaliona gari lile pale Kitai, kwenye gereji moja kando ya barabara, siku niliyokuwa natoka Songea. Lilikuwa la wale wazungu wanaozunguka dunia na nyumba yao: ndani kuna kitanda, kabati, jiko dogo la gesi, meza ya kukunja, mapazia, mpaka zulia. Mwenyewe alikuwa mzee aliyeishi humo peke yake miaka mingi, afya ikamshinda, akaliacha akarudi kwao. Fundi akalifufua. Lakini mimi sikuangalia kitanda wala jiko. Nilichoona ni kwamba kati ya kiti cha dereva na chumba cha nyuma kuna mwanya wa kupita mtu mmoja, na mwanya ule unaweza kutiwa pazia. Mama mkwe nyuma, chumbani mwake, amejinyoosha. Mimi mbele, macho barabarani. Na hakuna aliyevunja adabu. Nilitetemeka kwa furaha, mwanangu, nakwambia kweli. Niliuza kahawa yote ya msimu ule na ng'ombe juu yake, nikaondoka nalo. Watoto wa hapa Mapera walipoliona wakalibatiza siku hiyohiyo. Wakaliita Konokono, maana lilitembea na nyumba yake.

Lilinuka sigara. Hilo nililijua tangu gereji. Fundi mwenyewe alinieleza kwamba yule mzee alikuwa akivuta tangu anapofumbua macho, tena madirisha yamefungwa kwa kuogopa mbu. Akanituliza kwamba ni jambo dogo, litatoka na upepo. Mtu akishapenda kitu, sikio lake husikia anachotaka tu, nami nikasikia neno "litatoka."

Halikutoka, basi nikaanza kulifunika. Niliomba ubani kwa mtunza sakristia, nikafukiza humo ndani mpaka Konokono likawa kama kanisa siku ya Pasaka. Nikatandaza mchaichai chini ya godoro. Nikaweka maganda ya limau kwenye kabati na vipande vya sabuni ya kuogea kwenye kila kona. Mwisho nikanunua marashi, nikanyunyiza mapazia na dari. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini nani angenikumbusha wakati ule? Asubuhi moja ya baridi, ukungu umetanda juu ya migomba, nikafungua mlango, nikavuta pumzi, nikasikia ubani na limau basi. Nikamwambia Mama Stella kazi imekwisha. Akakubali. Mke mwema huyo, lakini siku ile wema wake haukunisaidia.

Kitu nisichokijua, mwanangu, ni kwamba harufu ya sigara hulala kwenye baridi. Huku kwetu inajikunja ndani ya godoro na kitambaa cha dari, inatulia. Ukianza kushuka kwenda ziwani, kila kona inakuongezea joto, nayo inaanza kuamka. Ukifika ufukweni saa sita mchana, bati la gari limepata moto, imeamka yote na imeleta na ndugu zake. Mimi dereva nilikuwa nimefungua dirisha langu, upepo unanipiga usoni, na pua yangu ilikuwa imekwisha kuizoea. Mama mkwe alipandia palepale penye joto.

Safari ya kwanza, Mama Stella alikaa naye nyuma, pazia limeshushwa. Nikasikia kikohozi. Nikauliza, mama anaendeleaje? Mke wangu akanijibu kupitia pazia kwamba mama anashukuru sana, gari lina starehe. Tulipofika Mbinga nilimwona mama kwa mbali, kwa pembe ya jicho, ameshika ukuta wa hospitali kwa mikono miwili. Nikalaumu kona. Safari ya pili nikaongeza marashi. Njiani Mama Stella akaniomba nisimame mara kwa mara, akisema mama anapenda kuangalia milima. Nami nikajisifu moyoni kwamba nimempa mama mkwe utalii. Nikikumbuka hilo mpaka leo natamani ardhi inimeze, ila sasa nacheka kwanza.

Safari ya tatu nilifika, nikaegesha Konokono karibu na vichanja vya kuanikia usipa, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba kama ada, mgongo kwenye ukuta wa matete. Mama Stella akaingia kumchukua mama. Akachelewa. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu. Akasema mama hatakwenda tena. Amechoka na dawa. Mungu akitaka apone, atapona hukohuko kwao.

Mwanangu, nilikasirika. Nilikuwa kijana, na kijana akitoa kitu kikubwa hutaka kionekane. Ng'ombe wangu walikuwa wamekwenda, kahawa imekwenda, na mama anasema amechoka? Lakini chini ya ile hasira kulikuwa na woga. Niliyakumbuka maneno ya daktari. Nilimwangalia mke wangu, nikaona anamwona mama yake anakufa polepole mbele yake, na hakuna la kufanya. Nikasema kwa sauti, ili ukuta nao usikie, "Mwambie mama, gari lile nililinunua kwa ajili yake."

Kuku walikuwa wanaparua chini ya vichanja. Mama Stella hakusogea, maana hakukuwa na haja ya kupeleka maneno, yalikwisha kufika. Kisha sauti ikatoka upande wa pili wa matete, sauti ambayo haikuwahi hata siku moja kunielekea mimi.

"Mkwe."

Niliruka nikasimama wima kama mtoto wa shule. Nusura nikimbie. Mama Stella alijifunika mdomo kwa kanga.

"Mkwe," akasema tena, taratibu, akivuta pumzi kati ya maneno, "kahawa yako ungeilaza humo ndani ya gari?"

Hapo lazima nikueleze kidogo, ingawa wewe ni mtoto wa kahawa. Hakuna kitu chenye tamaa ya harufu kama kahawa iliyokaushwa. Iweke karibu na samaki, itanuka samaki. Ilaze jikoni penye moshi, mnunuzi ataitia puani mara moja tu na kuirudisha. Marehemu baba yangu hakuruhusu hata kibatari katika chumba kilichokuwa na magunia yake. Nilikua najua hivyo kabla sijajua kusali. Na mama yule, mtu wa ufukweni asiye na mbuni hata mmoja shambani, alikuwa amechagua swali ambalo mkulima wa Mapera hawezi kulikwepa.

"Hapana, mama," nikasema. "Nisingeilaza."

"Basi na mimi nina kifua. Nilitaka kunyamaza, nikaona bora heshima yako ibaki salama. Lakini heshima gani hii itakayonizika, halafu binti yangu abaki analia na wewe usijue kwa nini? Gari lako linanuka sigara, mkwe. Na yale marashi yameizidisha."

Sidhani kama alikuwa amebaki na pumzi ya kuongeza neno.

Unadhani nilikasirika zaidi? Niliona aibu, hilo sitakuficha. Uso uliniwaka mpaka masikioni. Lakini aibu haikukaa hata dakika kabla kitu kingine hakijaingia, na kitu hicho kilikuwa nafuu. Nafuu kubwa, mwanangu, kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani baada ya mlima. Kumbe mama hakuchoka na dawa. Kumbe hakukata tamaa ya kuishi, wala hakunichukia mimi. Ilikuwa harufu tu! Harufu ni uchafu, na uchafu una maji yake. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua, na sisi tulikuwa tumebakiza kidogo tu tufike kwenye kilio.

Mke wangu akaanza kujitetea kwamba aliambiwa tangu safari ya kwanza, akashindwa kunivunja moyo kwa jinsi nilivyokuwa nikilipapasa lile gari. Nikamwambia tutazungumza baadaye. Mpaka leo hatujazungumza, na sioni haja.

Niliendea Konokono lililokuwa limesimama juani, nikafungua mlango wa nyuma, nikaingiza kichwa. Lo. Moshi wa miaka yote ya yule mzee ulikuwa umeketi humo unanisubiri, umevaa ubani na limau na waridi. Nilirudi nyuma nikakohoa, na kutoka ndani ya nyumba nikasikia mtu anacheka, kacheko kadogo kalikokatishwa na kikohozi. Nilijua ni nani.

Mama Stella akapanda lori akaenda mjini kumchukulia mama yake dawa za mwezi ule, daktari akamwelewa. Mimi nikabaki kulekule chini na gari, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kwamba adui huyu anapigwa akiwa macho. Ningelirudisha baridini angelala tena. Binamu za mke wangu, shemeji zangu, wakaja kusaidia, na tukalifanyia kile tunachoifanyia kahawa: kumenya kwanza, kisha kuosha, kisha jua.

Tulimenya kweli. Mapazia yakatoka, zulia likang'olewa, godoro la sponji likachomwa moto mbali na nyumba. Kitambaa cha dari nacho tukakibandua chote, na nyuma yake kilikuwa na rangi ya tumbaku yenyewe. Tulipovuta droo ya mwisho ya kabati, nyuma yake tukakuta kopo lililojaa vipisi vya sigara, kifuniko kimeoza. Nilikuwa nimefukiza ubani juu ya kopo lile safari zote hizo. Shemeji mmoja alikaa chini akacheka mpaka akalia.

Kisha tukaosha. Maji ya moto, sabuni ya unga na siki, kitambaa kwa kitambaa, kuta, sakafu, milango, kioo, mpaka yale matundu ya kupitishia hewa ambayo tuliyachokonoa kwa kijiti kilichoviringishwa tambara. Maji ya kwanza yalitoka kama chai ya rangi. Nilipoona rangi imepungua nilitaka tuishie hapo, nimechoka mgongo. Lakini kahawa huiachi kwa sababu umechoka. Unaosha mpaka maji yawe meupe. Bandu bandu huisha gogo. Tukabadilisha maji, tukabadilisha tena, mpaka yakatoka kama yalivyoingia. Jioni tuliweka mabeseni ya mkaa mkavu ndani unyonye harufu, tukafunga, asubuhi tukafungua milango yote jua la ziwa na upepo vipite. Tukafanya hivyo siku kadhaa. Kila mchana, joto linapokuwa kali kabisa, naingia nafunga mlango nasikiliza kwa pua. Siku nyingine inakuwepo kidogo, natafuta inatokea wapi, naosha tena hapo. Mpaka siku moja niliingia, nikakaa, jasho linanitiririka, nikasikia harufu ya bati la moto na ya ziwa. Nikakaa humo zaidi ya ilivyohitajika. Nilikuwa nalia kidogo, mwanangu, na sikutaka shemeji zangu waone.

Mama hakutaka godoro jingine la sponji. Alisuka mkeka wa ukindu kwa mikono yake, akiwa amekaa anapumzika na kusuka, akautuma kupitia kwa binti yake. Nikautandika juu ya kitanda. Marashi sikurudisha hata tone.

Mwezi uliofuata tukaondoka. Pazia jipya limeshushwa, Mama Stella na mama yake nyuma. Kona ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Nilikuwa nimeshika usukani kana kwamba ni yai. Tulipokuwa katikati ya mlima, pale ambapo safari zilizopita tulisimama "kuangalia milima," nikasikia sauti nyuma ya pazia. Nikapunguza mwendo, nikatega sikio. Sauti ikarudi, ndefu, ya chini, inapanda na kushuka.

Mama mkwe alikuwa anakoroma.

Sijawahi kusikia muziki mzuri kuliko ule. Niliendesha Konokono taratibu kama ninayebeba maji kwenye sinia, ili nisimwamshe, mpaka mjini. Aliposhuka hakushika ukuta. Na jioni, wakati wa kumrudisha, Mama Stella akanipenyezea ujumbe kupitia pazia, safari hii bila kupunguza wala kuongeza: "Mama anasema gari lako halina harufu yoyote." Watu wamenisifu kwa mambo makubwa tangu hapo, lakini sifa ya kuambiwa hunuki kitu haijapata mpinzani.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliwaona wajukuu, akawafundisha kutegua mitego ya maneno ya baba yao. Adabu yetu ilirudi palepale; hatukuzungumza tena ana kwa ana, maneno yakaendelea kupita kwa binti yake. Aliivunja mara moja tu, siku ilipobidi, na kwa kuivunja akanipa heshima kubwa kuliko zote alizowahi kunipa.

Basi nakwambia wewe nilivyoambiwa mimi. Gari lako linanuka sigara, mwanangu. Huku baridini inalala, ndiyo maana unajidanganya. Ukishuka nalo Mbamba Bay kule ziwani utaniambia. Na juzi nilimwona mkeo ameegemeza kichwa dirishani, na kwa hali aliyo nayo sasa hatakwambia kitu, kwa sababu anaona unavyolipenda. Ng'oa vile vijimti. Toa viti, toa mazulia, tazama nyuma ya kila droo, osha mpaka maji yawe meupe. Kibaya usikivalishe marashi, kiondoe. Hilo ni la gari, na utakuta ni la mambo mengine pia: ugomvi, deni la neno baya, tabia uliyoizoea mpaka huisikii tena.

Na la pili ndilo kubwa. Usimpe mtu anayekupenda kazi ya kuchagua kati ya pumzi yake na heshima yako. Muulize mwenyewe, kisha ukubali jibu bila kukunja uso. Nami naomba unisamehe kwa kukwambia juzi kwamba ni zuri.

Mungu akuhifadhi barabarani, wewe na huyo aliye tumboni. Akupe watu watakaokwambia ukweli mapema, na akupe moyo wa kuusikia bila kukasirika. Na mama mkwe wako apande gari lako siku moja, katika joto la ziwa, asinzie kabla hujamaliza kona ya pili.